Mradi wa kisukari wa Kahnawà:ke: takwimu ni za nani, na tusipokubaliana tunafanyaje?

Mfadhili wa mradi wa afya katika jamii ya wenyeji wa asili hakosi kumuuliza mratibu: mmeishirikishaje jamii? Jibu la kwenye ripoti huwa rahisi kuandika. Mikutano ilifanyika, wazee walialikwa, picha zikapigwa. Watu wa Kahnawà:ke, jamii ya Wamohawk (wenyewe hujiita Kanien'kehá:ka) nchini Kanada, walijiuliza swali gumu kuliko hilo mapema kabisa: siku mtafiti na jamii watakapotofautiana juu ya maana ya matokeo, nani atasema la mwisho? Waliliandikia jibu kabla mgogoro haujatokea. Ndiyo maana nimekichagua kisa chao, ingawa matokeo ya kiafya ya mradi wao wa kuzuia kisukari kwa watoto wa shule, kama tutakavyoona, hayakuwa ya kushangilia.

Kahnawà:ke iko ukingoni mwa mto St. Lawrence, kilomita kama 15 kutoka katikati ya jiji la Montreal. Miaka ya 1990 ilikuwa na wakazi takriban 7,000. Mwaka 1985 madaktari wawili wa hospitali ya pale, Kateri Memorial, walipekua kumbukumbu za wagonjwa ili kujua kisukari kimeenea kiasi gani. Mmoja, Louis Montour, alikuwa mwana wa jamii hiyo hiyo. Mwenzake, Ann Macaulay, hakuwa Mmohawk, lakini alikuwa amewatibu watu wa pale kwa miaka mingi. Walikuta kwamba asilimia 12 ya watu wenye umri wa miaka 45 hadi 64 walikuwa na kisukari aina ya pili, kiwango maradufu ya kile cha Wakanada kwa jumla. Wagonjwa hao pia walikuwa wakiandamwa na maradhi ya moyo na mishipa kupita wenzao wasio na kisukari.

Takwimu hizo zilichapishwa katika jarida la kitabibu mwaka 1988. Kwa watafiti wengi kazi ingeishia hapo. Madaktari hawa walizirudisha kwa wenyewe, wakazieleza katika mikutano ya jamii, na mikutano hiyo ikageuza mwelekeo wa mambo. Wakati huo wapo wengi waliokiona kisukari kama jambo la kuzaliwa nalo: bibi alikuwa nacho, mama anacho, na mimi nitakipata. Viongozi na wazee waliposikia kwamba kinaweza kuzuilika, hawakuomba kliniki kubwa zaidi wala dawa zaidi. Waliomba kazi ianze kwa watoto, kabla ugonjwa haujafika.

Ombi hilo lina uzito wa kipekee kwa mratibu. Utaalamu wa madaktari wale ulikuwa tiba ya watu wazima. Kuwafuata wazee maana yake ilikuwa kuhama kutoka uwanja walioujua, kwenda madarasani, kwenye vyakula vya shuleni, kwenye michezo, mahali ambapo daktari hana mamlaka yoyote. Walihama. Huo nauhesabu kuwa ushirikishwaji kuliko mkutano wowote: jamii ilisema jambo lisilokuwa kwenye mpango wa wataalamu, na mpango ukabadilika.

Kuanzia shuleni kuliwezekana kwa sababu shule zenyewe zilikuwa mikononi mwa jamii. Mwaka 1977 jimbo la Quebec lilipitisha sheria ya lugha iliyokipa Kifaransa nafasi ya kwanza hata katika elimu. Watu wa Kahnawà:ke hawakukubali serikali ya jimbo iwaamulie lugha ya kusomeshea watoto wao, na mwaka 1978 wakaanzisha shule yao ya sekondari, Kahnawake Survival School. Katika miaka hiyo hiyo elimu ya msingi nayo ilikuwa ikiingia chini ya usimamizi wao, na shule moja ya msingi, Karonhianónhnha, ikafundisha kwa Kimohawk. Kwa hiyo mradi wa kuzuia kisukari ulipoanza mwaka 1994 katika shule mbili za msingi, haukuhitaji kibali cha wizara iliyo mbali. Ulihitaji kuwaridhisha watu walioonana kila siku dukani na kanisani, au kwenye nyumba ndefu ya mikutano ya jadi.

Wanaotaka kukiiga kisa hiki huwa wanaliruka jambo hilo. Wanachukua mtaala, wanachukua bango, wanaacha taasisi. Jamii ambayo shule yake inaendeshwa na ofisi iliyo kilomita mia tatu mbali haiwezi kupitisha sera ya chakula cha shule kwa kikao cha jioni moja, hata iwe na wazee wenye busara kiasi gani. Kama hospitali na shule si zao, kazi ya kwanza ya mratibu huenda ikawa huko, wala si kwenye semina za lishe.

Kuna pia historia ambayo mgeni huwa haioni. Miaka ya 1950 serikali ilitwaa zaidi ya ekari 1,200 za ardhi ya Kahnawà:ke ili kupitisha njia ya meli ya St. Lawrence, iliyofunguliwa mwaka 1959. Kijiji kilichokuwa kimekaa kando ya mto kikatenganishwa na mto wake kwa mfereji, na pamoja na ufuo zikaenda sehemu za kuvua na kuogelea. Ukiambiwa leo kwamba watu hawa wanapaswa kujishughulisha zaidi na kula vizuri zaidi, jiulize mwili wao ulikuwa ukifanyia kazi wapi zamani na chakula chao kilitoka wapi.

Tena mwaka 1990, miaka minne tu kabla ya mradi, kulitokea mzozo wa Oka. Mji huo ulitaka kupanua uwanja wa gofu kwenye ardhi ambayo Wamohawk wa Kanehsatà:ke waliidai, palipokuwa na makaburi yao. Watu wa Kahnawà:ke waliwaunga mkono ndugu zao kwa kufunga daraja la Mercier linaloelekea Montreal. Jeshi liliitwa. Magari ya wazee, wanawake na watoto waliokuwa wakiondoka Kahnawà:ke yalipigwa mawe na umati wa watu wa upande wa pili. Mvutano ulidumu siku 78. Sasa fikiria fedha za mradi wa 1994 zilitoka wapi: serikali kuu ya Kanada. Na watafiti washirika? McGill na Université de Montréal, vyuo vilivyo upande wa pili wa daraja lile lile.

Fedha zenyewe zilikuja na sharti lililojificha. Ruzuku ya miaka mitatu, 1994 hadi 1997, ilitoka kwenye mfuko wa utafiti wa afya, na mfuko wa utafiti haulipii huduma. Hulipia maswali. Kwa hiyo ili watoto wapate masomo ya afya, ilibidi wapimwe: urefu, uzito, unene wa mafuta chini ya ngozi, kasi ya kukimbia, saa za kutazama televisheni, chakula walichokula. Ilibidi pia kuwe na jamii ya kulinganishia, nayo ikawa jamii nyingine ya Wamohawk jimboni Ontario. Mzazi anataka mtoto wake asiugue, na mfadhili anataka kujua kama programu imefanya kazi. Haja hizi mbili hazigombani kila siku, lakini zinavuta pande tofauti, na anayekaa katikati ni mratibu.

Ili kuukabili mvutano huo, Kahnawà:ke walianza na watu. Wafanyakazi wa mradi walitoka Kahnawà:ke. Mkurugenzi, Alex McComber, alikuwa mwana wa jamii aliyetoka kwenye ualimu, na hilo lilimpa kitu ambacho hakuna cheo cha chuo kinachokitoa: walimu walimsikiliza kama mwenzao. Kisha ikaundwa Bodi ya Ushauri ya Jamii, ya watu wa kujitolea kutoka afya, elimu, michezo, huduma za jamii na wakazi wa kawaida. Ilikutana kila mwezi. Maamuzi yalifanywa kwa maafikiano, kama ilivyo desturi ya Haudenosaunee, shirikisho la mataifa ambalo Wamohawk ni sehemu yake: hakuna kupiga kura na kuhesabu mikono, mnazungumza hadi aliyepinga aridhike au wazo libadilike.

Maafikiano ni ya polepole. Tusijidanganye kwa kuyasifu tu. Mtafiti mwenye tarehe ya mwisho ya kuwasilisha ripoti huyaona kama adhabu. Lakini yana faida moja inayohesabika kwenye utekelezaji: uamuzi uliopita kwa wingi wa kura huwa na wapinzani wanaousubiri uanguke, na mradi wa shule huangushwa kirahisi mno na mwalimu mmoja asiyetaka au mzazi mmoja mwenye sauti. Waliokwisha kukubaliana wanautetea hata mratibu asipokuwepo.

Hati iliyoufanya mradi huu ujulikane ilianza kuandikwa mwanzoni kabisa, wakati fedha zimeingia na vipimo vya kwanza viko njiani. Ni kanuni za maadili ya utafiti, zilizotungwa na wahusika wote pamoja: watafiti wa vyuoni, watafiti walio ndani ya jamii, na jamii yenyewe kupitia bodi yake. Hati inaeleza wajibu wa kila upande tangu swali la utafiti linapotungwa hadi makala inapochapishwa. Jamii ni mshirika sawa katika hatua zote, ridhaa ya jamii inatakiwa juu ya ridhaa ya mtu mmoja mmoja, usimamizi wa takwimu ni wa pamoja, na matokeo yanafikishwa kwa jamii kwanza kabla ya kupelekwa kwenye mikutano ya wataalamu.

Mengi ya hayo unaweza kuyakuta siku hizi kwenye hati yoyote ya ushirikiano, maana maneno mazuri hayana gharama. Sehemu inayonifanya niiheshimu ni ile inayozungumzia kutokukubaliana. Hati haikudhani kwamba watu wenye nia njema watapatana siku zote. Iliweka utaratibu: pande zikitofautiana juu ya tafsiri ya matokeo na mazungumzo yasizae maafikiano, mtazamo wa upande wa pili nao unachapishwa. Mtafiti hawezi kuinyamazisha jamii kwa sababu ana jina kwenye majarida, na jamii haiyafukii matokeo kwa sababu hayapendezi.

Hofu iliyokuwa nyuma ya kifungu hicho haikuwa ya kubuni. Mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa ile ya 1950, watoto wa wenyeji wa asili katika baadhi ya shule za bweni za Kanada walifanyiwa majaribio ya lishe. Wengine waliachwa na utapiamlo kwa makusudi ili walinganishwe na waliopewa virutubisho, bila wazazi kuulizwa. Umma ulikuja kulijua jambo hilo kwa upana mwaka 2013, kupitia mwanahistoria Ian Mosby. Huko British Columbia, kati ya 1982 na 1985, watu 883 wa Nuu-chah-nulth walitoa damu kwa ajili ya utafiti wa baridi yabisi. Damu hiyo ikaja kutumika kwa tafiti nyingine za jenetiki ambazo hawakuzikubali. Anayeshika sampuli na majedwali ndiye anayeamua kesho yatasemaje, na kama karatasi haikumbana, uungwana wake ndio kinga pekee.

Kazi ya shuleni yenyewe ilikuwa ya kawaida, na nitaipitia haraka. Mtaala wa afya uliandikwa na wauguzi na wataalamu wa lishe wa hospitali ya jamii, ukafundishwa na walimu wenyewe wa madarasa, kuanzia la kwanza hadi la sita. Shule zilipitisha sera iliyozuia vyakula vya mafuta na sukari nyingi. Wazazi na walimu walihimizwa wawe mfano, maana mtoto hajipikii. Nje ya shule kulikuwa na matembezi, michezo, maonyesho ya upishi, na njia ya kutembea na kuendesha baiskeli ikaja kutengenezwa. Shughuli nyingi zilibuniwa katikati ya safari kwa kuombwa na kundi fulani. Mtafiti anayependa programu isiyobadilika ili aipime vizuri angeumwa kichwa, na nadhani waliumwa kweli. Walichagua kuipima programu inayosogea.

Baada ya hapo yakaja matokeo. Katika miaka miwili ya mwanzo, wakilinganishwa na watoto wa jamii ya Ontario, watoto wa Kahnawà:ke walionyesha dalili njema kidogo kwenye unene wa mafuta chini ya ngozi. Kwenye uwiano wa uzito kwa urefu hakukuwa na tofauti. Hadi 1999 mazoezi, ukakamavu na saa za televisheni vilielekea pazuri, lakini mwelekeo huo haukudumu hadi 2002. Ulaji wa vyakula kadhaa vya mafuta na sukari ulipungua, jambo jema, ila ulaji wa matunda na mboga nao ukapungua. Na katika miaka minane hiyo watoto kwa jumla walizidi kunenepa. Yote haya yalichapishwa mwaka 2005 katika jarida la kitabibu la watoto, na miongoni mwa waandishi alikuwemo McComber.

Msomaji mwenye haraka atasema: basi mradi ulishindwa. Sikubaliani naye, wala sitaki kumtetea mtu kwa huruma. Miaka ile watoto walikuwa wakinenepa kote Kanada na Marekani. Shule mbili za msingi humshika mtoto saa chache za mchana, kisha humrudisha kwenye mji uliozungukwa na barabara kuu, maduka na matangazo ya jiji kubwa. Wenye mradi waliona hivyo, na tangu hapo mkazo ukazidi kwenda kwa familia na mazingira nje ya shule. Lakini pia haifai kukimbilia kusema kwamba faida ilikuwa "uwezeshaji" na kuyaacha majedwali kando. Lengo lililotangazwa lilikuwa kupunguza kisukari kwa kizazi kinachofuata, na uzito wa watoto ulikuwa kipimo chake cha karibu. Kipimo hicho hakikuitikia.

Kwangu mimi linalohitaji kuelezwa ni kwa nini mradi uliendelea. Miradi mingi ya aina hii hufa siku ruzuku inapokwisha, matokeo yawe mazuri au mabaya. Ruzuku ya Kahnawà:ke ilikwisha mwaka 1997. Kwa miaka kadhaa iliyofuata mradi ulisimama kwa michango ya taasisi za jamii yenyewe na mifuko binafsi, hadi fedha za serikali za utafiti ziliporudi mwaka 2001, safari hii zikiwa pia za kufundisha jamii nyingine. Jamii haitoi pesa yake kulinda mradi wa chuo kikuu. Watafiti walipochunguza kwa hojaji ni nani anayeonekana kuwa mwenye mradi, waliotajwa mbele ni wafanyakazi wa mradi na bodi, watu wa Kahnawà:ke, kuliko maprofesa. Kwa maoni yangu, hicho kilipaswa kuwa kiashiria cha kwanza kwenye ripoti.

Na hapa kile kifungu cha kutokukubaliana kinarudi kwa mlango wa nyuma. Matokeo ya 2005 yangeweza kuwa ya aibu kwa jamii ambayo imezoea kuandikwa magazetini kama tatizo. Kama takwimu zingekuwa mali ya vyuo, kuchapishwa kwake kungeonekana kama kusemwa vibaya na majirani kwa mara nyingine. Zilikuwa za pande zote mbili. Jamii ilizijua kabla ya dunia kuzijua, ilikuwa na nafasi ya kuzijadili, na ilikuwa na haki iliyoandikwa ya kusema "sisi tunazisoma hivi". Mwenye haki hiyo mfukoni hana haja ya kuficha.

Gharama ipo, na inawaangukia watu wale wale. Jamii ya watu 7,000 haina akiba isiyokwisha ya watu wanaoweza kusoma rasimu za kitaalamu baada ya kazi, na wanabodi hawalipwi mshahara. Kila mtafiti mpya anayetaka kujiunga huleta pendekezo lake kwa bodi, bodi inalisoma, inauliza, inarudisha, inasoma tena. Mwanafunzi wa shahada anayejifunza hapo hukua kwa jasho la watu wa kujitolea, kisha huondoka na shahada yake. Anayeandaa bajeti ya ushirikiano kama huu na kuacha bila fungu muda wa wanajamii wa kusoma na kuamua, amekwisha kuamua nani atabeba mzigo.

Kanuni za Kahnawà:ke zilifanyiwa marekebisho mwaka 2007. Wakati huo wazo lilikuwa limetoka nje ya kijiji. Mwaka 1998 viongozi wa Mataifa ya Kwanza nchini Kanada (jina la pamoja la jamii za wenyeji wa asili kama Wamohawk) walikuwa wametamka misingi minne juu ya takwimu zao: kuzimiliki, kuzisimamia, kuzifikia na kuzihifadhi wenyewe. Mwaka 2007 taasisi kuu ya serikali inayofadhili utafiti wa afya ilitoa mwongozo wake kwa tafiti zinazowahusu wenyeji wa asili. Na mwaka 2010 sera ya taifa ya maadili ya utafiti ikapata sura nzima, ya tisa, kuhusu Mataifa ya Kwanza, Wainuit na Wamétis, makundi matatu ya wenyeji wa asili nchini humo. Tangu hapo mtafiti wa Kanada anayetaka kufanya kazi katika jamii kama Kahnawà:ke hutakiwa kuieleza kamati ya maadili ya chuo chake jinsi alivyozungumza na jamii hiyo kabla hajamwita mtu wa kwanza kutia sahihi fomu ya ridhaa.